Kugeuza makundi kuwa namba katika R, Stata na Python: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayojirudia kila msimu wa tasnifu, na kila utafiti wa kaya unapomaliza kukusanya data. Mifano mingi ni ya R, kwa kuwa ndiko mtego mkubwa uliko, kisha Stata na pandas, kifurushi cha Python cha kushughulikia data. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Misingi

1. Safu ya makundi ni safu gani?

Ni safu ambayo jibu lake linamweka mhojiwa kwenye kundi: jinsia, mkoa, kiwango cha elimu, aina ya choo, chanzo cha maji. Haipimi kiasi. Makundi mengine yana mpangilio wake, kwa mfano Msingi iko chini ya Sekondari. Mengine hayana, hakuna sababu ya Tanga kuwa mbele ya Mwanza. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu hapa chini.

Usidanganywe na tarakimu. Namba ya kaunti, msimbo wa zao, namba ya eneo la kuhesabia watu, hata namba ya simu, yote ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu.

2. Kompyuta inazitoa wapi namba za makundi?

Inapanga maneno kwa alfabeti, kisha inahesabu. R na Stata huanza na 1. Pandas na scikit-learn (kifurushi cha Python cha kutengeneza modeli) huanza na 0, na pandas humpa asiye na jibu -1. Hakuna hekima nyingine iliyofichwa humo.

Chukua elimu yenye majibu manne: Hajasoma, Msingi, Sekondari, Chuo. Kwa alfabeti Chuo inapata 1, Hajasoma 2, Msingi 3, Sekondari 4. Mwenye shahada amewekwa chini ya asiyewahi kuingia darasani, na programu haikulalamika hata kidogo. Namba hizi ni kama za jezi: mwenye 10 mgongoni si mara tano ya mwenye 2.

3. Nitumie amri gani basi?

Jiulize kwanza unachotaka, maana "kugeuza kuwa namba" ni kazi tatu zisizofanana. Kama safu ilikuwa ya namba halisi tangu mwanzo, ikaharibika ikawa maneno, unarudisha namba zake: maswali ya 4 hadi 7. Kama makundi yana ngazi, unaweka mpangilio kwa mkono wako mwenyewe: maswali ya 8 hadi 10. Kama hayana ngazi, unatengeneza safu za 0 na 1, au unaiachia modeli izitengeneze: maswali ya 11 hadi 15.

Makosa mengi yanatokana na kutumia amri ya kazi moja kwenye kazi nyingine. Ubaya wake ni kwamba amri hukubali, namba hutoka, na jedwali linapendeza.

## Namba zilizoingia kama maneno

4. Nimetumia `as.numeric()` kwenye umri katika R na wazee wamekuwa watoto. Kimetokea nini?

Safu yako ni ya aina ya `factor`. R haihifadhi maneno ya `factor` mstari kwa mstari. Huhifadhi orodha ya majina mara moja, na kila mhojiwa hupewa namba ya nafasi ya jina lake kwenye orodha. `as.numeric()` inakupa nafasi hiyo, si namba iliyoandikwa. Jaribu:

`umri <- factor(c("18", "25", "9", "100"))`
`as.numeric(umri)`

Utapata 2, 3, 4, 1. Orodha imepangwa kialfabeti, kwa hiyo "100" imetangulia kwa sababu inaanza na 1 na 0, na "9" imekuwa ya mwisho. Wastani wa kweli ni 38. Wa namba hizi ni 2.5. Hapo utashtuka. Lakini watu wazima 800 wenye umri wa miaka 18 hadi 90 watakupa namba kati ya 1 na 73, grafu ya umri itaonekana ya kawaida kabisa, na ripoti itapita.

Dawa ni kupitia kwenye maneno kwanza:

`as.numeric(as.character(umri))`

Ipo na njia ya pili, `as.numeric(levels(umri))[umri]`, ambayo ni nyepesi zaidi kwa faili kubwa kwa kuwa inageuza orodha ya majina tu. Jibu ni lile lile. Kwa msimbo utakaosomwa na wengine napendelea ya kwanza, maana hata anayeanza R leo anaielewa.

5. Kwa nini safu yangu ikawa `factor` wakati sikuomba?

Kabla ya R 4.0.0, iliyotoka Aprili 2020, `read.csv()` na `data.frame()` ziligeuza kila safu ya maneno kuwa `factor` zenyewe. Umri wenye "hajui" mmoja tu kati ya maelfu ulihesabika kuwa maneno, na safu nzima ikaenda. Tangu toleo hilo, maneno hubaki maneno.

Kwa hiyo skripti uliyorithi kutoka kwa mtangulizi wako inaweza kutoa majibu tofauti kwenye kompyuta mbili. Andika `stringsAsFactors = FALSE` waziwazi, hata kama toleo lako ni jipya.

6. Katika Stata ni `encode` au `destring`?

`destring` ni ya namba zilizovaa maneno, kama umri na kipato. `encode` ni ya maneno ya kweli, kama mkoa. Ukitumia `encode` kwenye umri umeingia mtego ule ule wa swali la 4, tena hapa umefichwa zaidi: ukifungua data utaona "18" na "25" kwenye seli, kwa sababu Stata inakuonyesha lebo, huku chini yake kuna 1 na 2. Ukiona namba zimeandikwa kwa bluu, hizo ni lebo. Amri ya `list umri, nolabel` itakuonyesha kilichomo ndani.

7. Kipato kimeandikwa "Tsh. 15,000/=" na "15000" na "elfu kumi na tano". Nisafisheje?

Ushauri unaozunguka ni kufuta kila kisicho tarakimu wala nukta: `gsub("[^0-9.]", "", kipato)`. Angalia kinachotokea kwa "Tsh. 15,000/=". Koma inaondoka, herufi zinaondoka, alama za mwisho zinaondoka, lakini nukta ya "Tsh." inabaki mbele. Unabaki na ".15000", ambayo R inaisoma kuwa 0.15. Shilingi elfu kumi na tano zimekuwa senti kumi na tano, bila onyo. Shilingi haina haja ya nukta, kwa hiyo futa na nukta pia: `gsub("[^0-9]", "", kipato)`. Lakini hakikisha kwanza hakuna aliyeandika "15000.00", la sivyo umemtajirisha mara mia.

Mtego wa pili ni masafa. "5000-10000" ikifutwa kistari inakuwa 500010000, na kaya moja inavuta wastani wa wilaya nzima. Tafuta vistari kabla ya kufuta chochote.

"Elfu kumi na tano" hakuna amri itakayoisoma, itabaki tupu. Ukiigeuza safu kabla ya kufuta herufi, R itakuonya kwa `NAs introduced by coercion`, na wengi hulizima onyo hilo; ukifuta kwanza, itabaki tupu bila onyo. Usilizime. Liulize limetoka wapi:

`table(kipato[is.na(as.numeric(kipato))])`

Utaona orodha ya maandishi yote yaliyoshindikana na idadi yake (safu iwe ya maneno, kama ni `factor` rudi swali la 4). Mara nyingi ni aina tano au sita tu, na unazirekebisha moja moja. Katika pandas, `pd.to_numeric(kipato, errors="coerce")` haionyi kabisa, kwa hiyo linganisha mwenyewe idadi ya matupu kabla na baada.

## Makundi yenye ngazi

8. Nawekaje mpangilio wa elimu ninaoutaka mimi?

Taja ngazi zote kwa mfuatano. Katika R:

`elimu <- factor(elimu, levels = c("Hajasoma", "Msingi", "Sekondari", "Chuo"))`

Sasa `as.integer(elimu)` itatoa 1 hadi 4 kama unavyotaka. Pandas inatumia `pd.Categorical()` yenye `categories=` na `ordered=True`. Katika Stata tengeneza lebo kwanza kwa `label define`, kisha uiambie `encode` iitumie kwa chaguo la `label()`.

Lililo muhimu zaidi ni tahajia. R na pandas zikikuta neno ambalo hukulitaja, hulifanya tupu bila kusema. "msingi" kwa herufi ndogo si "Msingi", na "Msingi " yenye nafasi mwishoni pia siyo. Stata hufanya kinyume: inaongeza neno geni mwishoni mwa lebo, kwa hiyo "msingi" inakuwa ngazi ya 5, juu ya Chuo. Ukiweka `noextend` itakataa kuendelea, na hicho ndicho unachokitaka. Safisha kwa `trimws()` na `tolower()` kabla (ngazi nazo uziandike kwa herufi ndogo), kisha kagua kama ilivyo kwenye swali la 16.

9. Majibu ni "Nakubali kabisa" hadi "Sikubali kabisa". Naruhusiwa kuchukua wastani?

Kwanza hakikisha namba ziko sawa. Kwa alfabeti zitakuja hivi: Nakubali 1, Nakubali kabisa 2, Sikubali 3, Sikubali kabisa 4, Sina uhakika 5. Asiye na uhakika ndiye amekuwa kileleni. Nimeona mabango ya mikutano yenye wastani uliotokana na mpangilio huu, na hakuna aliyeuliza.

Ukishapanga vizuri, wastani wa swali moja unadai kwamba hatua kutoka Sikubali hadi Sina uhakika ni sawa na ile ya Nakubali hadi Nakubali kabisa. Hilo hulijui. Kwa swali moja toa asilimia za kila jibu. Zinasema zaidi, na hata mkurugenzi asiye mtu wa takwimu atazielewa. Ukijumlisha maswali kumi yanayopima jambo moja, wastani wa jumla unavumilika, na msimamizi wako hatakugombeza. Usisahau kugeuza yale yaliyoulizwa kinyume.

10. Nimeweka `ordered = TRUE` na modeli imenipa `elimu.L`, `elimu.Q`, `elimu.C`. Nini hiki?

R ikiambiwa makundi yana ngazi, haitumii safu za 0 na 1 bali hutafuta umbo la mwelekeo: mstari ulionyooka, mkunjo, na mkunjo wa pili. Hesabu si kosa, ila ni ngumu kuieleza kwenye ripoti. Kama unataka kulinganisha Sekondari na Hajasoma, acha `ordered` na utumie `factor()` ya kawaida yenye `levels` kama swali la 8. Mpangilio wa majedwali na grafu hautapotea.

## Makundi yasiyo na ngazi

11. Kwa nini nisiiweke kaunti kama 1 hadi 47 kwenye regresheni?

Kwa sababu modeli itaamini kaunti ya 40 ina kitu mara mbili ya kaunti ya 20, na kwamba ukitoka 1 kwenda 2 matokeo yanabadilika sawasawa na ukitoka 46 kwenda 47. Utapata mgawo mmoja wa "kaunti" usio na maana yoyote. Tumia swali la 13.

Modeli za miti ya maamuzi zinavumilia zaidi, maana zinakata tu namba vipande vipande. Hata huko, mpangilio wa alfabeti unazilazimisha kukata mara nyingi kufika mahali ambapo zingefika mara moja.

12. Faili langu linasema Mombasa ni 28, la serikali linasema ni 1. Nani yuko sahihi?

Wote, na hapo ndipo hatari ilipo. Jedwali la Kwanza la Katiba ya Kenya ya 2010 linaanza na Mombasa, Kwale, Kilifi, likizunguka nchi hadi Nairobi, ya 47. Hizo ndizo namba rasmi. `encode` au `factor()` yako imepanga kialfabeti, ikaanza na Baringo. Mombasa imeangukia 28 na Nairobi 30.

Sasa unganisha faili lako na la idadi ya watu kwa namba ya kaunti. Kila mstari utapata mwenzake, hakuna utakaobaki, na programu itakupa ujumbe kwamba yote 47 imeoana. Mombasa yako imeoana na Elgeyo-Marakwet, ambayo kwa namba rasmi ndiyo 28. Nairobi imepewa watu wa Baringo.

Wala namba za alfabeti hazitulii. Mdadisi mmoja akiandika "Muranga" na mwingine "Murang'a", una makundi 48 na Nairobi imesogea hadi 31. Utafiti wa kaunti tano utampa kila mmoja namba nyingine kabisa. Kama mahali pana msimbo rasmi, leta msimbo huo kutoka kwenye jedwali la majina na misimbo, uunganishe kwa jina lililosafishwa. Namba iliyotengenezwa na programu isitoke nje ya faili iliyozaliwa.

13. Safu za 0 na 1 zinatengenezwaje, na kwa nini moja inaachwa?

Kila kundi linapata safu yake: 1 kwa aliyemo, 0 kwa asiyekuwemo. Ukiwa na vyanzo vitatu vya maji, Bomba, Kisima na Mto, safu mbili zinatosha, kwani mwenye 0 kwenye Bomba na Kisima lazima anatumia Mto. Ukiziweka zote tatu pamoja na kigezo cha kuanzia cha modeli (intercept), moja inaweza kukokotolewa kutokana na nyingine na hesabu haipati jibu moja. Iliyoachwa ndiyo kundi la kulinganishia.

Katika R na Stata huhitaji kuzitengeneza. `lm(gharama ~ maji)` inazitengeneza yenyewe kama `maji` ni maneno au `factor`. Stata inataka `i.maji`. Ukitaka kuziona, R ina `model.matrix(~ maji)`.

Pandas ina `pd.get_dummies(df, columns=["maji"], drop_first=True)`. Tangu toleo la 2.0 inatoa True na False; ongeza `dtype=int` ukitaka 0 na 1. Angalia zaidi matupu: asiyejibu anapewa 0 kwenye safu zote, na kwa kuwa moja imeachwa, anaonekana kama mtu wa kundi la kulinganishia. Waondoe au wape kundi lao kwanza.

14. Nabadilishaje kundi la kulinganishia?

R: `relevel(factor(maji), ref = "Kisima")`. Stata: `ib2.maji`, ambapo 2 ni namba ya kundi. Chagua kundi lenye watu wa kutosha na ambalo msomaji analielewa. Kundi lenye kaya nne litafanya kila ulinganisho uyumbe.

15. Na Ndiyo au Hapana?

Iwe 1 na 0, siyo 2 na 1 ambazo alfabeti itakupa. Faida ni kwamba wastani wa safu unakuwa moja kwa moja sehemu ya waliosema Ndiyo.

Andika `as.integer(jibu == "Ndiyo")` katika R; asiyejibu anabaki tupu, mradi amesomwa kuwa `NA`. Katika Stata, `gen ndiyo = (jibu == "Ndiyo")` inampa asiyejibu 0, kwa hiyo ongeza `if jibu != ""`. Pandas nayo inamhesabu asiyejibu kuwa siyo Ndiyo. Maswali ya kuruka, kama yale ya ujauzito kwa kaya isiyo na mwanamke, hupotoshwa sana na hili.

## Ukaguzi na mambo ya pembeni

16. Nitajuaje kama nimegeuza sawa?

Usiifute safu ya zamani. Tengeneza mpya pembeni, kisha zipange pamoja kwenye jedwali moja: `table(elimu, elimu_n, useNA = "ifany")` katika R, `tab elimu elimu_n, missing nolabel` katika Stata, `pd.crosstab()` katika pandas. Kila mstari uwe na seli moja tu yenye idadi. Ukiona mstari wenye mbili, au matupu yaliyoongezeka, rudi nyuma.

17. KoboToolbox, programu ya kukusanyia data za dodoso, imenipa safu moja yenye "bomba kisima mvua". Hiyo nayo ni kundi?

Hapana. Ni swali la kuchagua zaidi ya jibu moja. Ukiligeuza kuwa `factor` utapata makundi kwa kila mchanganyiko, pengine makumi. Kobo huweza kukutolea pia safu za 0 na 1 kwa kila jibu, tumia hizo. Hapa hakuna safu ya kuacha kama ya swali la 13, kwani mtu anaweza kuwa na 1 kwenye zote au 0 kwenye zote.

18. Kuna 98 na 99 kwenye safu ya idadi ya watoto.

Ni "sijui" na "hakujibu". Zifanye tupu kabla ya hesabu yoyote, lakini soma dodoso kwanza: kwenye umri, 98 anaweza kuwa bibi wa kweli.

19. `ifelse()` imenigeuzia majina ya mikoa kuwa namba.

`ifelse(mkoa == "Dar", "Dar es Salaam", mkoa)` ikipewa `factor` inarudisha namba za nafasi kwa wale wengine, nawe unapata "Dar es Salaam", "7", "12". Geuza kwa `as.character()` kwanza. Vivyo hivyo kuunganisha `factor` mbili kwa `c()`: kabla ya R 4.1.0 ulipata namba tupu. Tangu hapo unapata `factor`.

20. Nimechuja data nikabaki na mikoa mitatu, lakini jedwali bado linaonyesha yote yenye sifuri.

`droplevels()`.

21. Data mpya ina zao ambalo modeli haijawahi kuliona. Nifanyeje?

R itakataa kutabiri. `get_dummies` kwenye faili mbili tofauti itatoa safu zisizolingana, wakati mwingine kwa mfuatano tofauti, na hilo ni baya kuliko kukataliwa. Tumia `OneHotEncoder` ya scikit-learn yenye `handle_unknown="ignore"`: inajifunza makundi mara moja na kuyatumia yale yale siku zote, huku zao geni likipata 0 kila mahali. Usitumie `LabelEncoder` kwa safu za maelezo. Imetengenezwa kwa ajili ya safu ya matokeo.

22. Nina vijiji mia nne. Safu mia nne?

Mara nyingi hapana. Panda hadi kata au wilaya, au kusanya vijiji vyenye watu wachache kwenye "Vingine". Kifurushi cha `randomForest` cha R chenyewe kinakataa makundi zaidi ya 53. Wengine hubadilisha kijiji kwa wastani wa matokeo yake. Inafaa tu kama wastani umetokana na data ya kufundishia modeli, la sivyo unaipa majibu ya mtihani. Kama vijiji vilichaguliwa kwa bahati nasibu, modeli ya ngazi mbili, kama `lmer()` ya kifurushi cha `lme4`, ndiyo mahali pake hasa.

23. Nikihifadhi kama CSV, nini kinakwenda: namba au maneno?

R huandika maneno, na mpangilio uliouweka kwenye swali la 8 unapotea. Utakayemtumia ataanza tena na alfabeti. Stata kwa `export delimited` huandika lebo, isipokuwa ukiongeza `nolabel`. Ukituma namba, ambatanisha faili la pili lenye safu mbili, namba na maana yake. Ukibaki ndani ya R, `saveRDS()` huhifadhi kila kitu pamoja na mpangilio.